Siku Mtani Alipokataa Tuing'oe Plagi

Krr. Krr-krr. Krr.

Sauti hiyo ninaisikia mpaka leo, mwanangu. Ni kama panya anayetafuna maganda ya karanga chini ya kitanda. Ilikuwa inatoka ndani ya boksi la kompyuta ya mjomba wangu kule Nachingwea, mchana mmoja wa msimu wa ufuta, nami nimepiga magoti chini ya meza, vidole vimeshaishika plagi ukutani. Juu ya kichwa changu Mjomba anafoka, "Somoe, ing'oe hiyo!" Na mimi siing'oi. Nimeishika tu, jasho linanitoka, kuvuta siwezi na kuachia siwezi.

Nikwambie kwanza nilifikaje chini ya meza ile, maana nyie vijana mnapenda kuruka mpaka mwisho.

Nilimaliza darasa la saba hapa Ruangwa, sikuendelea. Jina langu halikutokea kwenye waliochaguliwa, basi. Lakini sikuwa mtu wa kununa. Nilikuwa na ndoto zangu tele, napalilia mihogo huku nazipanga kichwani: nitakuwa na kibanda chenye mlango wa bluu, nawachapia watu kazi zao, nacheka na wateja. Mashine ya kuchapa nilikuwa nimeiona mara moja tu, tena kupitia dirishani. Ila nani angenizuia kuota?

Mjomba alikuwa mnunuzi wa ufuta na korosho. Alinunua kompyuta iliyotumika kutoka ofisi moja iliyokuwa inafungwa Mtwara, likompyuta kubwa la rangi ya maziwa yaliyochacha, akaliunganisha na waya wa simu ya mezani ili asome bei na ujumbe wa wateja wake wa Dar es Salaam. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua, akaniita nikae kwake niwe nachapa na kusoma. Kwetu sisi mjomba akikuita huulizi mara mbili. Nilikwenda huku naimba.

Kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kuwaka inawaka. Kuchapa inachapa. Intaneti inaingia, kwa makelele na pole pole, lakini inaingia. Taabu ilikuwa kutoka. Ukimaliza kusoma, ukabonyeza kile kialama cha msalaba pembeni ili ufunge dirisha la intaneti, kioo kinaganda. Mshale hausogei. Saa ya pale chini kwenye kona inasimama. Bonyeza hivi, kimya. Bonyeza vile, kimya. Na kwa kuwa intaneti ilipita kwenye waya wa simu, simu nayo inabaki imefungwa, huwezi kupiga wala kupigiwa. Mjomba hakuwa na subira na vitu hivyo. Alikuwa anainama, anang'oa plagi, anairudisha, mashine inaanza upya, naye anajinyoosha mgongo na kusema, "Umeona? Dawa yake hii."

Na mimi niliamini ndiyo dawa yake, mpaka yalipotokea yale ya picha za mama.

Mama yangu hakuwa mtu wa picha. Zake chache zilipigwa kwenye harusi moja ya ukoo Masasi, na ndugu yetu aliyekuja na kamera ile isiyotumia mkanda. Alipopita Nachingwea akaziweka kwenye kompyuta ya Mjomba, akaenda zake Dar, na huko kamera ikaibiwa. Mvua zilipoanza, mama akaugua ghafla, akafariki. Tulimzika Ruangwa mchana ule ule, mbio mbio, mawingu yamejaa. Kwa hiyo sura ya mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya boksi lile.

Siku moja, baada ya Mjomba kung'oa plagi, nikafungua picha ya mama yuko jikoni na wenzake. Ikagoma. Kioo kikaleta Kiingereza kirefu, picha haikuja. Plagi ilipong'olewa tena baada ya hapo, picha nyingine ikafunguka nusu: uso wa mama upo, kuanzia shingoni kushuka ni kijivu kitupu, kama amezama kwenye majivu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila tunapoikata mashine ikiwa katikati ya jambo, kuna kitu huko ndani kinavunjika. Ilibaki picha moja nzima. Mama ameshika ungo, anacheka, pengo lake la mbele liko wazi bila aibu yoyote.

Nilimwambia Mjomba. Akavua kofia yake, akaiweka magotini. Mama alikuwa dada yake. "Tutaitoa," akasema. "Akitokea mtu wa kwenda Masasi atuletee diski, vile vibapa vya plastiki, tuihamishie humo, wakaisafishe studio." Basi ikawa ni kungoja diski, na mimi kila Mjomba akisema tuingie intaneti, nabonyeza huku namwomba Mungu.

Sasa turudi kwenye mchana ule. Mjomba alikuwa anangoja simu. Lori la ufuta wake lilikuwa limetoka Ruangwa tangu alfajiri, halijafika, na dereva alikuwa ameahidi akipata tatizo atapiga. Kungoja kukamchosha. Akasema tuchungulie bei mara moja tu. Tukachungulia. Nikabonyeza kialama cha kufunga.

Ikaganda.

"Haya," Mjomba akasema. "Na dereva akipiga sasa hivi?"

"Tungoje kidogo, Mjomba."

"Tungoje nini? Imekufa hiyo. Inama uing'oe."

Nikainama. Nikaishika plagi. Nikamwona mama na ungo wake.

"Mjomba, mama yumo humu."

"Na mtu wangu yuko njiani! Somoe, ing'oe hiyo!"

"Nani kafa?" sauti ikauliza kutoka mlangoni.

Alikuwa Bi Fatu, jirani yetu, muuza vitumbua, mama mnene mwenye miguu ya haraka. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Mwanangu, wewe umekuta utani umebaki wa mpira tu, kwa hiyo nikukumbushe: kwetu, ukifiwa, mtani ana kazi yake. Anamwigiza marehemu, anaziba njia, anakaa mbele ya jeneza na kudai kitu, na mwili hautoki mpaka ameridhika. Watu wanacheka katikati ya kilio, na hakuna anayethubutu kumkasirikia.

"Kompyuta ndiyo imekufa, Bi Fatu," Mjomba akajibu. "Na usianze. Leo sina utani."

"Leo huna utani? Kwani utani ni shati, unalivua unapotaka? Mmefiwa humu ndani, mimi mtani wenu nipo hapa mzima, halafu mnataka kumtoa marehemu kimya kimya?"

Akavua kandambili. Akanipiga kofi la mkononi, nikaiachia plagi. Halafu, mwanangu, yule mama akajilaza ubavu sakafuni urefu wake wote, mgongo ukaziba soketi, kichwa akakiegemeza kwenye boksi la kompyuta lililokuwa chini pale pembeni ya meza.

"Toeni jogoo," akasema.

"Jogoo gani? Mtani, nyanyuka, nina lori njiani!"

"Lori lina matairi, litakuja. Marehemu hana. Jogoo, na hiyo kofia yako. Ingawa kwa ukubwa wa hicho kichwa, nitaichotea maji."

Siku nyingine ningeanguka kwa kicheko. Siku ile machozi yalinitoka tu, nikajifuta kwa kanga. Bi Fatu akaniona.

"Na wewe unalilia nini? Mashine ni shangazi yako?"

"Picha ya mama imo humo, Bi Fatu. Imebaki moja. Tukiing'oa na hiyo itaharibika."

Uso wake ukabadilika. Hakuinuka. Aliongea vile vile alivyolala, anaangalia miguu ya meza.

"Mama yako mlimfukia kabla sijafika. Mimi niko Naipingo, binti yangu anajifungua, narudi naambiwa tayari. Nani alimtania yule? Nani aliziba njia? Mlimbeba mkaenda naye kama mnawahi gari. Ninyi ukoo huu mna haraka ya kuzika. Leo huyu hatoki mpaka kazi yangu niimalize."

Mjomba alikuwa amenyoosha mkono kuelekea ukutani. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka. Akavuta kigoda, akakaa. Na kwa sababu nyumba ilikuwa kimya, kwa mara ya kwanza tangu mashine ile ianze kuumwa, tukasikia.

Krr. Krr-krr.

Bi Fatu akainua kidole. Akabandika sikio vizuri kwenye boksi.

"Jamani," akasema. "Marehemu wenu anatafuna."

Nikalala chini karibu naye. Kweli. Krr. Krr-krr. Krr. Huko juu kioo kimeganda kama jiwe, huku chini kuna kitu kinakwenda.

"Mimi nimeosha maiti wengi," Bi Fatu akasema, "sijamwona anayetafuna."

"Mjomba, inafanya kazi," nikasema. "Haijafa. Kuna kitu inamalizia."

Mjomba akaitazama simu yake iliyofungwa. Akautazama mlango. "Mchemshie mtani chai," akasema mwishoni. "Chai ikiiva na hii bado imelala, naing'oa mimi mwenyewe, na wewe mtani nitakuvuta miguu."

Nilikwenda uani. Nikaijaza sufuria maji mpaka ukingoni, ambayo watu watatu hawamalizi kwa siku mbili. Nikaweka mkaa, nikachagua ule mbichi mbichi unaotoa moshi. Kupepea nilipepea, lakini upepo ule ungeshindwa kuzima hata kibiriti. Bado moto ukashika. Moto haujui shida ya mtu. Viputo vya kwanza vikatoka pembeni ya sufuria. Nikarudi mlangoni kuchungulia: kioo vile vile. Nikarudi uani: maji yameanza kulia. Nikarudi mlangoni. Mjomba amesimama.

"Somoe, chai?"

"Bado majani, Mjomba."

"Nasikia inachemka."

"Bado sukari."

Akacheka kidogo puani, lakini akapiga hatua. Bi Fatu akajikaza pale ukutani kama gunia la mpunga. Mjomba akainama. Na hapo kioo kikapepesa. Dirisha la intaneti likafumba. Kikachomoza kisanduku kidogo, kinauliza kwa Kiingereza kama tukate simu. Sikumbuki nilivyovuka chumba. Nilibonyeza ndiyo kwa mikono miwili.

Mwanangu, sikuwahi hata kuvuta pumzi, simu ya mezani ikalia.

Alikuwa dereva. Tairi lilipasuka njiani, wamebadilisha, wanakuja. Mjomba alisema "alhamdulillahi" mara nyingi kwenye mkonga ule, kisha akaukumbatia kifuani.

"Na jogoo wangu?" Bi Fatu akauliza akiwa chini bado.

"Hakuna maiti, hakuna jogoo."

"Basi kofia."

Mjomba akaivua kofia yake ya kufuma, akamvisha kwa mikono yake mwenyewe.

Siku zilizofuata nilikaa na mashine ile na kamusi ya Mjomba iliyochanika, nasoma neno moja moja. Nikagundua haikuwa imerogwa wala imezeeka tu. Intaneti, kila unachokisoma, huacha takataka zake ndani ya mashine. Mwenye kompyuta wa zamani alikuwa ameiagiza, kwa alama ndogo ya vema, kwamba kila unapofunga dirisha, ifagie takataka zote kwanza. Ilikuwa kongwe, inafagia pole pole. Sisi tukiona kimya, tunaikata. Takataka zinabaki, kesho zinaongezeka nyingine, na ufagiaji unakuwa mrefu zaidi. Yaani kila tulipoitibu kwa kung'oa plagi, ndivyo tulivyoizidishia ugonjwa. Niliondoa ile alama, nikaziacha takataka zifagiwe kwa mafungu asubuhi wakati hakuna anayengoja simu. Haikuganda vile tena. Na diski ilipokuja, picha ya mama ilikwenda Masasi, ndiyo hiyo unayoiona kila siku humu kibandani kwangu, juu ya mashine ya fotokopi. Mlango wenyewe unaujua rangi yake.

Basi nasaha zangu ni hizi, mwanangu. Nimekuona juzi unaibamiza simu yako mezani kwa sababu imesita. Nimekuona pia hujamsemesha rafiki yako kwa kuwa hakujibu ujumbe siku nzima. Kitu kikinyamaza, usikiite maiti. Zima kelele zako kwanza, sogea karibu, weka sikio. Ikiwa kuna kinachotafuna huko ndani, kiache kimalize. Kitu usichotaka kukipoteza usikiweke mahali pamoja, kihifadhi na kwingine mapema, usingoje mtu wa Masasi. Na akitokea mtu wa kukuzibia njia wakati una haraka, akakuchekesha usipotaka kucheka, usimsukume. Huenda ameshika jambo ambalo wewe umelikosa.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kutoa na mzito wa kung'oa. Akupe watani wanene wa kulala mbele ya makosa yako. Na unaowapenda wabaki na sura zao mbele ya macho yako mpaka uzeeni.

Jambo moja hakuna aliyeliona. Jioni ile Mjomba alikwenda kupokea lori, Bi Fatu akarudi kwake na kofia yake kichwani. Nilibaki peke yangu. Nikaifungua picha ya mama, nikamtazama anavyocheka na ungo wake. Halafu nikabonyeza kuifunga. Mashine ikasita, mama akabaki pale, hatoki. Nikaweka mikono mapajani, nikaisikiliza ikitafuna, nikamngoja mama aondoke kwa wakati wake.