Watatu wa Tumbo Moja

Ilianza Jumanne ya wiki jana, saa kumi jioni. Mama alikuwa uani anashona makuti, mimi nampangia majani, wadogo zangu wawili wanacheza kando. Dada wa utafiti akaingia, kofia ya pikipiki kwapani. Ni mtu wa hapa hapa Kaloleni. Ndiye aliyetuletea mradi wa kuchunguza kwa nini pumu huandama baadhi ya familia. Mwaka jana tulitolewa damu sote. Tangu hapo mdogo wangu wa kiume hupelekwa kliniki Kilifi kwa gari la mradi, na dawa yake ya kuvuta hatununui.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Leo waja kutunyonya tena?”

Akacheka, lakini si sana. Alisema wafadhili wamepunguza fedha. Pumu hairithiwi kwa jeni moja. Ni nyingi, kila moja yachangia kidogo, na kuzitafuta ni ghali. Kwa hiyo watabakiza nyumba zenye watoto watatu au zaidi, wa baba mmoja mama mmoja.

“Wako ni watatu, sivyo?”

“Kwani huwaoni?”

“Wa tumbo moja?”

Mama akaweka kuti chini. “We mtoto, unaniuliza tumbo? Nimewaogesha mimi, nimewauguza mimi. Tumbo gani tena unalitaka?”

Mdogo wangu wa kiume akadakia, “Huyu mkubwa aliokotwa sokoni, ndiyo maana hasemi!”

Wakacheka. Yeye hajui. Nikainamia majani yangu.

Aliyenizaa mimi ni mdogo wake mama. Alifariki hata sijaanza kutambaa. Kwetu hilo halisemwi. Mtoto wa dada yako ni mtoto wako, basi, na anayesema vingine anabagua. Mama hakudanganya, alijibu anavyojibu siku zote. Lakini biolojia ya kidato cha tatu inanitosha kujua kwamba damu yangu iko kwa watafiti, nayo itajibu vingine. Hapo mama ataitwa mwongo mbele ya watu. Na nikisema mimi, wanabaki wawili, mdogo wangu anaachwa na mradi.

Wakati wa chakula mdogo wangu alianza kukohoa. Mama akampa dawa, kisha akaitikisa ile chupa sikioni, asikie imebaki kiasi gani. Sima ikanishinda.

Asubuhi yake nilitoka mapema, nikamngoja dada wa utafiti kwenye njia panda. Nilikuwa sijawahi kumsimamisha mtu mzima njiani. Nikamwambia, macho yangu kwenye gurudumu, kwamba mimi ni wa mdogo wake mama, asinihesabu. Akavua kofia. Nikamuuliza, sisi wa mama mkubwa na mama mdogo hatuwezi kuchunguzwa vivyo hivyo? Damu yetu si yakaribiana? Akasema ataulizia, haahidi.

Nikamwomba asimwambie mama kwamba nimesema mimi. Nikaenda shule.