Maji ya Paa la Jirani

Nyumba yetu ya Rwambuzi ina paa dogo, na ya jirani yetu ina paa kubwa kupita kiasi. Aliijenga mpaka ukingoni mwa kiwanja chake, hata nusu ya mabati yake ikaelekea kwetu. Kila iliponyesha, maji yote ya upande huo yalimwagika kwenye ukuta wa jiko langu. Kwa miaka miwili yalichimba msingi mpaka mawe yakaonekana.

Nilimwendea huyo jirani, mzee aliyestaafu ualimu. Mara ya kwanza nilisema naye kwa upole, mara ya pili kwa upole kidogo, na mara ya tatu upole ulikuwa umeniishia. Kila mara alinijibu kwamba mvua ni ya Mungu na yeye hana la kufanya. Mume wangu akanishauri nivumilie. Hilo ndilo shauri lake katika kila jambo, na si yeye anayepika.

Kisha bomba la mtaa likaanza kutoa maji siku moja na kukauka siku nne. Nikiwa kwenye foleni na bidoni zangu za maji, juani, nilijiona mjinga. Nilikuwa nahangaikia maji mbali wakati yale ya nyumbani nilikuwa nayalaani. Nilitafuta mapipa mawili, nikayasugua mpaka harufu ya mawese ikatoka, nikayapanga chini ya paa la mzee. Midomoni niliyafunga kipande cha chandarua ili mbu wasizaliane humo.

Mvua ya kwanza niliiacha ioshe vumbi jekundu la mabati. Ya pili iliyajaza yote mawili kabla ya saa nne asubuhi. Nilifua, nikaosha nyumba, nikaoga maji mengi kama mtu wa hotelini.

Kesho yake mzee alikuja amevaa koti. Aliulizia afya yetu, watoto, hata kazi ya mume wangu. Ndipo akageukia mapipa.

“Mama, hii maji inatoka ku mabati yangu,” alisema. “Tuigawe.”

Sikuamini masikio yangu. Nilimwonyesha mawe ya msingi.

“Papa, myaka mbili ilikuwa inabomoa ukuta yangu, haukusema iko yako. Leo iko mu pipa, njo inakuwa yako?”

Aliondoka bila kuaga. Siku ileile alileta fundi, akaweka mfereji wa bati ukingoni mwa paa ili maji yavuke kwenda uani kwake. Nilijaribu kujifariji kwamba angalau ukuta ungepona. Lakini fundi aliuinamisha mfereji upande usiofaa. Mvua iliyofuata, maji yalirudi yakakusanyika kwenye kona, yakashuka kwa mkupuo mmoja ndani ya jiko. Makaa yalilowa, unga wa muhogo ukawa uji sakafuni. Nilisimama nimeshika mwiko, maji yakinifika vifundoni, nikalia kwa hasira.

Safari hii sikumwendea mzee. Nilimwendea shefu wa avenyu yetu, kiongozi wa mtaa, nikamleta akiwa bado na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Alitazama jiko, akapanda ngazi, akautazama mfereji, akashuka. Alimwita mzee. Mzee aliyaangalia makaa yaliyoelea. Shefu aliamua mfereji ugeuzwe uelekee mapipa, mapipa yabaki kwangu, na pipa moja liwe la mzee. Mume wangu alisema ni uamuzi mzuri. Mimi niliona nimenyang'anywa pipa nililolisugua kwa mikono yangu, lakini nilichukua ufagio kwa sababu jiko lilikuwa linangoja kukaushwa.

Tangu hapo, mke wa mzee huja kila asubuhi na bidoni zake. Njia ya kufikia mapipa ni kupitia jikoni, kwa hiyo hupita jikoni. Huchota taratibu, kisha huketi kwenye kigoda changu na kunisimulia jinsi mume wake anavyomchosha. Alinieleza kwamba yeye ndiye aliyemsihi asije kudai maji, na kwamba mzee alipokataa kumsikia, yeye hakumsemesha wiki nzima. Huongea bila kupumua. Juzi aliongea mpaka maharagwe yakaungua. Nilimwekea na yeye sahani, akala yote, akasema yana moshi kidogo.