Jina la Fundi Athman Baada ya Neno "Mwisho"

Siku yangu ya kwanza kazini Lamu nilikaribia kurudishwa bara. Nilitoka Machakos nikiwa nimefunzwa kuendesha projekta juu ya gari la sinema, na huku hapakuwa na gari. Mashine, jenereta na kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha vilisafirishwa kwa motaboti, kisha vikapakiwa juu ya punda. Afisa Habari, mkubwa wangu, mtu mzima wa sauti ndogo, alitaka nionyeshe filamu moja pale ofisini anipime. Nikaupitisha haraka ule mwanzo wenye maandishi ili nifike kwenye picha zenyewe.

"Rudisha," akaniambia. "Hao uliowaruka ni akina nani?"

"Ni majina tu, Bwana."

"Ni watu waliofanya kazi. Hapa utawasoma kwa kipaza sauti, na kila mmoja utaeleza alifanya nini."

Ndivyo nilivyoanza kuyasoma majina ya filamu. Ninyi vijana mmezoea kuyaona mwishoni, yakipanda msururu mpaka wa dereva na mpishi. Miaka ya sitini karibu yote yalikaa mwanzoni. Lilitangulia la kampuni, likafuata la filamu, kisha wachezaji wakubwa, mtunzi wa hadithi, mpiga picha, mtu wa sauti na mwenye muziki. Wa mwisho kabla hadithi kuanza alikuwa mwongozaji, yule anayewaamuru wote, maana nafasi hiyo ndiyo iliyohesabiwa ya heshima. Hadithi ikiisha liliandikwa neno "Mwisho," pengine na wachezaji wachache, basi.

Na yaliandikwa kwa mkono. Mchoraji alichukua kadi nyeusi, akaandika kwa rangi nyeupe, kadi ikapigwa picha kwa kamera ya filamu. Jina likitakiwa kuonekana juu ya mandhari, liliandikwa kwenye kioo na kioo kikawekwa mbele ya picha. Yale yaliyopanda taratibu yaliandikwa kwenye karatasi ndefu iliyozungushiwa pipa, na mtu akalizungusha pipa polepole.

Watazamaji wetu wengi walisoma vizuri hati za Kiarabu lakini hati za Kizungu hawakuzijua, ndiyo maana nikawasomea. Wanaume walikaa mbele ya kitambaa, wanawake nyuma yake. Kitambaa kilikuwa chepesi, picha ikapenya, ila upande wa wanawake maandishi yalitokea kinyume.

Nikiwa nimeshaizoea kazi, ikaja kampuni moja ya picha kutoka Nairobi kutengeneza filamu ya uundaji wa vyombo vya baharini kijijini Matondoni. Mimi nilipewa kazi ya mkalimani. Waliyempiga picha zaidi alikuwa Fundi Athman bin Shee, aliyekuwa akiunda jahazi kubwa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Ubao aliupima kwa kiganja zaidi kuliko kwa kutazama. Mwongozaji alimrudisha mara nyingi apige msumari uleule, naye hakulalamika. Siku ya kuagana, mwongozaji akamwahidi, na mimi nikafasiri, kwamba jina lake litaandikwa kwenye filamu.

Filamu ilichukua zaidi ya mwaka kurudi. Tuliijaribu kwanza ofisini, mimi na Afisa Habari. Nikasoma majina yote ya mwanzo, nikangoja mpaka "Mwisho." La Fundi Athman halikuwamo. Msemaji wa filamu alimwita "fundi wa kijiji."

Kufikia hapo Fundi Athman alikuwa kipofu kabisa. Bintiye, Bi Mwanasha, alikuja ofisini kuuliza siku ya maonyesho. "Baba hataona kitu," akasema. "Ataka kusikia ina lake likisomwa. Kila siku aniuliza, ina langu limekuya?"

Kwao jina ni ina, na macho ni mato. Nilimweleza ukweli. Akavuta buibui lake, kisha akasema, "Usimsomee kisichoandikwa. Baba si mtoto."

Nikamwendea mkubwa wangu nikamwomba tuongeze jina. Akakataa. "Majina yamechapwa ndani ya filamu. Kuyabadili ni kuandika kadi upya, kuipiga picha na kuchapa nakala nyingine. Sisi hatuwezi kuongeza hata nukta."

"Filamu sitaigusa, Bwana. Nitatumia kioo."

Tulikuwa na taa ndogo ya kutupia kitambaani maandishi ya vioo vya matangazo, kama vile kuwahimiza watu wapeleke watoto kwenye chanjo. Afisa Habari alinitazama, akafungua kabati, akatoa kioo kitupu. "Aandike huyo bintiye," akasema. "Mimi na wewe tutakosea hati."

Bi Mwanasha akaandika kwa hati za Kiarabu, kwa kijiti na rangi nyeusi, bila kufuta hata mara moja.

Watu wa Matondoni walikusanyika baada ya sala ya Isha. Fundi Athman aliketi safu ya mbele, kofia imenyooka. Nikasoma majina ya Nairobi yote, kwa haki, kwani nao walifanya kazi. Jahazi likaundwa mbele ya watu, wakamtambua fundi wao, wakapiga kelele. Likaja "Mwisho." Nikazima projekta, nikawasha taa ndogo.

"Jina hili kampuni haikuliandika," nikasema kwenye kipaza sauti. "Tumeliandika sisi: Athman bin Shee, fundi wa chombo hiki."

Wanaume wakalisoma kwa sauti pamoja nami. Mzee aligeuza uso huku na huku. "Mato yangu hayaoni," akasema. "Mwanangu yuko nyuma. Yeye amelisoma?"

Nyuma ya kitambaa kulikuwa kimya. Kwao hati ilikuwa kinyume. Kabla sijajua la kufanya, Afisa Habari, aliyesimama kando yangu, alinyoosha mkono, akachomoa kioo, akakigeuza, akakirudisha. Upande wetu maandishi yakaharibika. Upande wa pili sauti ya Bi Mwanasha ikapanda, "Athman bin Shee!" na wanawake wakaipokea kwa vigelegele. Mzee aliinamisha kichwa, akafuta machozi kwa ncha ya shuka.

Nilihamishiwa Garissa, kisha Nyeri, chini ya wakubwa wengine wengi, wakali na wapole. Nimestaafu sasa. Wajukuu wakiniwekea filamu, huizima majina yanapoanza kupanda, nami huwaomba waiache. Mimi huyasoma hadi la mwisho, kisha hukaa kidogo mbele ya kioo cheusi cha televisheni, nikimfikiria aliyeshika kamba, aliyechota maji, na aliyepiga msumari uleule mara nyingi kwa sababu mgeni alimwomba.