Mume aliniletea kobe wa jangwani hapa Shieywe, Kakamega, mama mkwe akamlisha ugali

Wakuu, hamjambo. Leo nawapa yangu ya nyumbani vile yalivyokuwa, sijaongeza chumvi hata kidogo. Picha sina, simu yangu inashikwanga na mtoto.

Baba Praise ni dereva wa lori. Anapeleka simiti Turkana, akirudi anakula, analala, anaenda tena. Ni mume mzuri sana, hasa akiwa mbali.

Safari moja akarudi na katoni ya biskuti. Ndani kulikuwa na kobe mdogo, anatoshea kwenye kiganja. Eti zawadi ya Praise, binti yetu wa miaka minane. Wanaume wengine wanaleta viatu.

Nikamuuliza huyu anakula nini na analala wapi.

Akanijibu kama profesa kwamba huyo hana shida, anakula chochote. Asubuhi akawasha lori, akatuachia elimu hiyo.

Sasa mnajua Kakamega. Hapa mvua haiulizi msimu, alasiri ikifika inamwagika. Na kobe wetu ametoka mahali watu wanasahau mawingu. Sisi tukamweka kwa karai pale jikoni, juu ya gunia tulilolinyunyizia maji ili astarehe. Hoteli ya kifahari kabisa.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Mukumu. Akakuta mgeni anatafuna jani la sukuma wiki, akanitazama kama mwanamke mnyimi.

Kwao, kama hujala obusuma, yaani ugali, bado hujala. Basi kobe akaanza kuhudumiwa: ugali uliolowekwa kwa maziwa, asubuhi na jioni. Jirani mmoja akaleta mkate. Mwingine akapendekeza uji. Mimi nilikuwa na bando kwa simu na sikugoogle chochote, kwa sababu wataalamu walikuwa wamejaa sebuleni.

Praise ndiye aliona kwanza. Kobe hafungui macho, puani anatoa mapovu, na ukigusa gamba linabonyea.

Mtoto hakulia. Alikaa tu kando ya karai, akakataa chakula. Hiyo iliniuma kuliko kilio. Nikajua huyu mnyama akifia kwangu, binti yangu atakua akijua ni mimi na nyanya yake tulimmaliza.

Nikaita daktari wa mifugo. Akaangalia karai, akaangalia ugali. Naona alikuwa anachagua maneno ya heshima.

Akatueleza kwamba huyu anataka pakavu, joto, na jua lenyewe, si la kupitia dirishani. Chakula chake ni nyasi na majani magumu, maua ya hibiscus, na unga wa maganda ya mayai. Maji awekewe kwa kisahani, akishaloa akaushwe. Maziwa, mkate na ugali vinamuua polepole. Akamdunga sindano, akasema kobe asipopata joto leo, yeye tusimpigie tena.

Joto lilikuwepo. Nyuma ya nyumba kuna brooder, lile sanduku la taa la kulelea vifaranga. Lakini vifaranga vilivyokuwamo vilikuwa vya mama mkwe, tulikuwa tunamlelea.

Hebu niambieni, nani atamwambia mama Mluhya atoe ingokho, kuku wake, kwenye joto ili aingie kobe? Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, yeye ameshainama anavihamishia vifaranga kwenye sufuria kuukuu, anavifunika kwa leso yake.

"Mlete, Mama Praise," akasema. "Mimi ndiye nilimlisha."

Vifaranga vingine vilikufa kwa baridi. Hajawahi kuvitaja.

Kobe akapona. Asubuhi anaota jua kwenye mchanga mkavu tuliouzungushia matofali, wingu likionekana anarudi kwenye taa. Gamba likaanza kukaza. Praise akaanza kula.

Daktari alipokuja kumwangalia akatukumbusha jambo ambalo profesa wetu wa lori hakulifundisha: kobe wa porini hafugwi bila kibali. Watu wa wanyamapori wakaja kumchukua, wamrudishe kwenye ukame wake.

Praise alimtoa mwenyewe kwa mikono yake. Akamuuliza yule afisa kama huko kunanyesha. Akaambiwa ni mara chache sana.

"Basi mpeleke," akasema, akaingia ndani.

Gari likiwa limewashwa, mama mkwe akatoka mbio na kitu amekifunga kwenye gazeti. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Nikajua ni ugali wa njiani, nikamnyang'anya. Nikafungua. Ilikuwa nyasi kavu, na maua ya hibiscus juu yake.

Wakuu, nililia, na sioni aibu.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni anafaa kuulizwa anakulanga nini kabla hujampakulia. Upendo wetu ulikuwa mwingi na ulikaribia kumuua.

Jana Baba Praise alipiga simu. Amesikitika sana kuhusu kobe, na ili kumfariji mtoto, ameona mahali kuna kifaranga cha mbuni.

Sasa nyinyi wenye uzoefu, semeni: nibadilishe kufuli ya geti, au nimwache aingie kwanza ndio nimfungie yeye kwenye brooder?