Karani Aliyeufungua Mpaka

Walimwita Mama Fomu, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa karani wa forodha tangu ana miaka ishirini, na hakukuwa na karatasi ya mzigo asiyoijua nje ndani. Alianzia kituo cha mpakani, kwenye chumba cha dirisha moja chenye simu nyeusi ya kuzungusha. Kila siku saa mbili asubuhi simu ililia, na karani wa upande wa pili, kijana mwenye kigugumizi, akamtajia malori yanayokuja. Hawakuwahi kuonana, lakini utani haukuwaishia. Mama Fomu alimwita kijana Bwana Ngoja, naye akaitwa Dada Haraka.

Mwaka wa tatu vita vikazuka kati ya nchi yake na ile ya jirani. Simu ilikatika kijana akiwa katikati ya kutaja hesabu, mpaka ukafungwa, na kaka yake Mama Fomu akaenda vitani asirudi. Hata kaburi lake halikujulikana. Mama Fomu akahamia makao makuu, akaishi na mjane wa kaka yake, wifi yake, kwa miaka thelathini na miwili.

Muda wote huo nchi hizo mbili hazikusemezana. Huku viwanda vya saruji vilikuwa vimelala kwa kukosa soko. Kule mahindi yalioza maghalani. Kila nchi ilinunua mbali, kwa meli, kile ambacho jirani yake alikuwa nacho tele. Mwishowe wakubwa walichoka, wakakubali kukutana katika hoteli ya nchi ya tatu. Mama Fomu akateuliwa kubeba majalada.

Wifi alimkuta akipanga sanduku.

"Unaenda kuwachekea waliomuua mume wangu?"

"Naenda kazini, wifi."

"Basi usiniletee habari zao humu ndani."

Mazungumzo yenyewe yalikuwa kichekesho. Kila ujumbe ulikaa chumba chake, wenyeji wakawa wanapeleka maneno huku na kule. Hata hivyo, kufikia siku ya nne walishakubaliana bidhaa, barabara na siku za kufungua. Wakakwama kwenye muhuri. Kila mzigo ulihitaji hati ya kuonyesha unakotoka, na hati ilihitaji muhuri wa serikali.

"Nikiupokea muhuri wao, nimeitambua serikali yao," alisema mkuu wa msafara wa akina Mama Fomu, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. "Fungeni mizigo. Tunaondoka mchana."

Mama Fomu akatoka ukumbini kutafuta chai, moyo mzito. Mbele yake kwenye birika alisimama mzee mwembamba mwenye beji ya upande wa pili, akimwambia mhudumu, "N-ngoja, ngoja kidogo, sukari inatosha."

Mama Fomu akakitambua kigugumizi kile.

"Malori mangapi leo?" akauliza.

Mzee akageuka polepole. Akamtazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"K-kumi na saba," akasema. "Siku ile nilikuwa nasema kumi na saba. Uliandika?"

"Ningeandikaje na wewe hukumaliza?"

Walicheka mpaka mhudumu akasogea pembeni. Kisha wakakaa, wakafanya wanachokijua. Ni mzee aliyekumbuka kwamba enzi zile matunda hayakungoja muhuri wa serikali, yangeoza. Hati za matunda ziligongwa muhuri na chama cha wafanyabiashara cha kila mji.

"Muhuri ule hauna nembo ya taifa," Mama Fomu akasema, kalamu tayari mkononi.

"Wakubwa wangu watanitimua."

"Wangu wataanza na mimi. Andika kwa lugha yako hapo chini."

Fomu ikatoka, ukurasa mmoja wa karatasi ya hoteli. Mkuu wa msafara alipoiona akakunja uso. "Nani amekutuma kuongea na wale?"

"Hakuna, mheshimiwa. Lakini saruji haina serikali. Ina mwenye kiwanda tu."

Akaisoma. Akairudia. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa kama mwili wake. Kabla ya saa saba wakuu wote wawili walikuwa chumba kimoja, mara ya kwanza, wakigombania nani atie saini kwanza, na Mama Fomu akawaambia watie kwa pamoja, nakala ziko mbili.

Miezi miwili baadaye malori yalivuka. Madereva walipiga honi mpaka masikio yakaziba, watu wa pande zote wakapanda juu ya mapaa kushangilia. Mama Fomu, aliyepewa heshima ya kugonga muhuri wa kwanza wa chama, aliugonga kwa furaha hadi ukatoka kichwa chini, na Bwana Ngoja akamwonyesha alama iliyopinduka, akimcheka.

Mahindi yaliposhuka bei, lugha za wakubwa nazo zikalainika. Mwaka haukuisha zikafunguliwa balozi, na pande zote zikabadilishana orodha za waliozikwa vitani. Bwana Ngoja, aliyekwisha kuambiwa jina la kaka, aliipitia mwenyewe orodha ya upande wake mstari kwa mstari, akampigia simu Mama Fomu. Kaka alikuwa amepatikana, kwenye makaburi ya mji mdogo wa upande wa pili, jina lake limeandikwa bila kosa.

Mama Fomu alimpelekea wifi habari hiyo jioni ile. Kesho yake wifi alivaa nguo yake nzuri, wakaenda ubalozini. Mama Fomu akachukua fomu ya viza na kumjazia, akafika kwenye sababu ya safari.

"Niandike nini hapa?"

"Andika namtembelea mume wangu," wifi akasema. "Na uandike kwa herufi kubwa, wasome vizuri."