Swali la Mpekuzi

Kazi yake ni kupekua maisha ya watu kabla hawajaruhusiwa kugusa nyaraka za siri. Kila anayeingia humfutia kiti kwa leso, kisha humuuliza kwa sauti ya daktari anayetafuta panapouma: "Umewahi kufungwa? Nani anakudai?" Mwenye madeni humtazama kwa huruma, kwa kuwa anaamini mtu anayedaiwa hununulika upesi. Aliyewahi kufungwa humtazama mikono. Ukimwambia hayo yalikuwa mambo ya ujana, hutikisa kichwa taratibu na kuandika. Mlango huufunga kwa ufunguo siku zote, siri zisivuje.

Jana ufunguo ulimkatikia ndani ya kitasa, akiwa na fundi wa kompyuta ambaye ujanani alifungwa kwa kuvunja duka. Mpekuzi aligonga, akaita, akalowa jasho hadi kwenye kola. Vyumba vilivyofungwa humtia hofu, jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. "Niachie mimi, mzee," fundi akasema, akachomoa kibanio cha karatasi kwenye faili lake mwenyewe lililokuwa mezani. Akakitoa kipande cha ufunguo, akachokoa kitasa, na punde mlango ukafunguka. Mpekuzi akavuta hewa kizingitini, akamshika fundi kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, mwanangu."

Kisha akarudi mezani, akavaa miwani, akashika kalamu. "Tuendelee. Mara ya mwisho kuchokoa kitasa ilikuwa lini?"

Fundi akautazama mlango ulio wazi. "Sasa hivi, mzee."

Mpekuzi akatikisa kichwa taratibu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Bado anaendelea.*