Ratili za Mikidadi

Mikidadi wa Kinole alibeba mizigo ya misafara miaka ishirini, na kwa kunyanyua tu aliweza kukwambia furushi lina ratili ngapi. Kisha Wadachi wakafikisha garimoshi Morogoro, nalo halikuhitaji maoni yake. Akarudi kulima migomba shambani kwa mkewe, Mwaisha, kama ilivyo desturi ya Uluguru: mwanamume akioa huhamia kwa mke, ila mwenyewe hubaki mali ya ukoo wa mama yake. Mpango mzuri, mpaka mwanamume aanze kukonda.

Ugonjwa ulianzia mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana mchana kutwa kama vinavyosaga ugoro, na ugoro haukuwapo. Hatua zikawa fupi. Uso ukagoma kucheka, jambo lililomuudhi sana Maneno, mtani wake. Waganga wawili walisema ni mashetani ya mlimani. Wa tatu akasema ni ya bondeni. Na nyama ikazidi kumtoka, ilhali sinia alilokula na wanaume wa kina Mwaisha lilirudi jikoni tupu kila siku.

Dada yake, Asia, alikuja kutoka Mzumbe, akamtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, akatoa hukumu. Ndugu yao ananyimwa chakula. Ukoo utamchukua, wala hatarudi. Mwaisha hakulia. Aliuliza tu huko nani atamfunga kikoi asubuhi, maana siku hizi vidole vyake havipatani na fundo.

Maneno, ambaye kwa utani wake aliruhusiwa kusema mbele ya watu walionuniana, akataja mizani ya Vinubhai, mfanyabiashara wa mjini aliyenunua nta kwa magunia. Mikidadi apimwe, akae mwezi mmoja kwa dada yake, apimwe tena. Akinenepa, abaki huko. Akikonda, arudi kwa mkewe. Wote walikubali, kwa kuwa kila mmoja alijua atashinda. Ni baadaye tu Mwaisha alipotambua kwamba sasa anapaswa kumwombea mumewe akonde, na tangu hapo hakujua tena aombe nini.

Walimteremsha kwa machela, mpagazi akawa mzigo. Vinubhai alimkalisha kwenye ubao wa mizani: frasila tatu na ratili kumi, frasila moja ikiwa ratili thelathini na tano. Asia akataka wifi naye apimwe, ionekane chakula kimekwenda wapi. Frasila nne kamili. Asia alishusha pumzi, watu wakasikia.

Mwezi ulipoandama wakarudi. Asia alikuwa amekwisha kuchinja kuku sita. Mikidadi alikuwa na frasila tatu na ratili nne. Asia akasema mizani imeharibika. Vinubhai akapanda mwenyewe, akatazama, akashuka.

"Mizani nzima, mama," akasema. "Mimi niko vilevile, ingawa nami niliomba iwe mbovu."

Hakuna aliyeelewa, na aliyeshinda hakufurahi. Wakaketi barazani kwa Vinubhai kula ugali na kuku wa saba, aliyeletwa kwa ajili ya ushindi. Wanaume walikuwa na sinia lao: Mikidadi, Maneno, na wapwa wawili waliobeba machela. Sasa, adabu inakataza kuutazama mkono wa mwenzio anapokula. Ndiyo maana mwaka mzima hakuna mkwe wala mpwa aliyeuona mkono ule ukiwa kwenye sinia. Mtani hana adabu. Maneno akatazama.

"Mimi nimemeza matonge saba," akasema. "Huyu bado anabembeleza la pili, na nusu ya la kwanza iko kwenye mkeka."

Wapwa walikuwa wakinawa. Mikidadi naye akavuta mkono, akamshukuru Mungu kwa kushiba.

"Umeshiba nini, maiti yangu wee?" Maneno akauliza.

"Wenzangu wamenawa," Mikidadi akajibu taratibu. "Mtu mzima habaki kwenye sinia peke yake kama mbwa."

Mwaisha akainuka upande wa wanawake, akaja kuketi mbele ya mumewe, akakata tonge.

"Basi hujabaki peke yako," akasema. "Kula. Mimi sina haraka."

Mke na mume sinia moja, barazani kwa watu: Asia alitazama kwingine. Lakini mapatano ni mapatano, Mikidadi akarudi Kinole. Huko Mwaisha alikula naye kila siku, akingoja tonge la mumewe lifike ndipo achukue la kwake, hata ugali ukapoa.

Mwezi uliofuata Asia alitaka wapimwe tena, wote wawili. Mikidadi alikuwa ameongeza ratili moja. Hakuna aliyejua kama ni uzito au ni kikoi kipya. Mwaisha alikuwa amepungua tano.

Asia aliyatazama mawe ya mizani. Akamtazama kaka yake, aliyekuwa akisaga ugoro usiokuwapo. Kisha akauliza, safari hii kwa upole, ni nani sasa anayemnyima wifi yake chakula.